Kuchangia damu: kwa nini wengine hujitokeza na wengine husita?

Hasa ni nini kinachomsukuma mtu kwenda kuchangia?

Mara ya kwanza, mara nyingi ni kwa sababu aliombwa yeye mwenyewe, au ana mgonjwa wake wodini. Huruma wengi tunayo, ila haimwinui mtu kitini. Tangazo la "jitokezeni" kila mmoja humwachia mwenzake. Lakini ukimwambia rafiki, "Jumamosi saa nne naenda kuchangia, nikupitie?" itabidi ajibu ndiyo au hapana. Anayefika mara ya nne au ya tano hahitaji tena kubembelezwa. Ameshajihesabu kuwa mchangiaji.

Mbona wengi huja mara moja tu?

Kizunguzungu kina sehemu kubwa ya lawama. Kiasi kinachotolewa ni mililita 450 hivi, na mtu mzima ana lita nne hadi sita. Kinachoangusha watu mara nyingi ni hofu ikichanganyika na huko kupungua kwa damu: mapigo ya moyo yanapungua kasi, mishipa inatanuka, presha inashuka, ubongo unakosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Vijana na wageni wa sindano ndio huanguka zaidi, na aliyeanguka harudi kirahisi.

Kinga yake ni nyepesi, si ya kupuuzwa. Kula kabla ya kwenda. Kunywa maji nusu lita, dakika 30 hivi kabla ya kuchomwa. Ukishalala kitandani, kaza mapaja na makalio kwa sekunde tano, legeza, rudia, usibane pumzi. Ukimaliza, usiinuke ghafla. Keti robo saa na kinywaji chako.

Si walipwe tu, uhaba uishe?

Mwenye shida ya pesa hushawishika kuficha ugonjwa, na maambukizi ya siku chache yanaweza kupita bila kuonekana kwenye vipimo. Isitoshe, pesa huharibu ladha ya wema. Katika jaribio lililochapishwa Sweden mwaka 2008, wanawake walioahidiwa malipo walijitokeza wachache kuliko wasioahidiwa kitu. Waliporuhusiwa kuyatoa sadaka, pengo likazibika. Kwa wanaume hapakuwa na tofauti ya maana. Huko huko Sweden wapo wachangiaji wanaotumiwa ujumbe wa simu damu yao inapotumika. Asante ya namna hiyo ndiyo naiona ina maana.

Nilishatoa. Kwa nini naitwa tena?

Damu huharibika. Chembe nyekundu hukaa siku 35 hadi 42 kwenye jokofu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5 hadi 7 tu. Majeruhi wa ajali huokolewa na damu iliyokuwepo tayari, si ya foleni inayojipanga kesho yake.

Nikikataliwa kwa damu ndogo, nirudi?

Ndiyo, baada ya kutibu upungufu wenyewe, ambao mara nyingi ni wa madini ya chuma. Mhudumu anayesema "hufai" na kuita mwingine amempoteza mtu. Kinachotakiwa ni kumweleza kipimo chake na kumwandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi.