Pilates kwa anayeanza: mkeka, pumzi na kiuno

Mama mmoja anayebeba mizigo kutoka bandarini hadi sokoni Kadutu alilala kwenye mkeka, katika chumba chetu cha kinesiterapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hapa Bukavu, akacheka. "Dokta, mimi napandisha unga mlimani kila siku. Sport gani tena?" Nikamwomba atoe pumzi huku akiinua mguu mmoja uliokunjwa, polepole, bila kiuno kusogea. Tumbo likatutumka, kiuno kikaachana na mkeka, pumzi ikakatika. Mguu wake mwenyewe ukamshinda.

Nguvu anazo, tena kunizidi. Kilichokosekana ni mpangilio, na Pilates, mazoezi ya polepole ya kiwiliwili yanayokwenda na pumzi, inashughulika na hilo hasa. Fikiria bidoni tupu: ikiwa imefungwa kifuniko, ukiikalia inakubeba, ikiwa wazi, inabonyea. Kiwiliwili kiko hivyo. Juu kuna kiwambo tunachopumulia, chini sakafu ya nyonga, yaani misuli inayoshikilia kibofu na viungo vya uzazi, nyuma misuli midogo inayoshika pingili za uti wa mgongo, na kuzunguka tumbo kuna msuli wa ndani uliojifunga kama kitenge. Vyote vikifanya kazi kwa pamoja, mgongo unapata mhimili.

Mjini wengi wanadhani haya ni mambo ya wanawake wa kwenye televisheni. Aliyeyaanzisha alikuwa mwanamume, tena mpiga ndondi: Joseph Pilates, mzaliwa wa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883. Utotoni aliugua pumu na matege. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walimzuilia kambini kwa kuwa Mjerumani, na huko akawafundisha wenzake mazoezi. Miaka ya 1920 alihamia New York, akafungua ukumbi pamoja na mwenzi wake Clara. Wacheza dansi wakawa wateja wake wakubwa. Kitabu chake cha 1945 kina mazoezi 34, yote ya sakafuni. Mashine zenye resori zipo, lakini anayeanza hazihitaji.

Anza hivi. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kunja kitambaa uweke chini ya kichwa. Ingiza kiganja kimoja chini ya kiuno, kingine kiwe kwenye mbavu. Vuta pumzi kwa pua, mbavu zifunguke pembeni. Itoe kwa mdomo taratibu, kama mtu anayepuliza makaa bila kurusha majivu. Pumzi inapotoka, vuta sakafu ya nyonga juu kana kwamba unazuia mkojo, na tumbo la chini liingie ndani kidogo tu, kiasi cha kufunga zipu ya suruali. Sasa inua unyayo kimo cha kiganja, urudishe. Mkono ulio chini ya kiuno ndio shahidi: ukihisi uzito umepungua au umeongezeka ghafla, umeinua mno au haraka mno. Mara sita hadi nane kila mguu zinatosha.

Kosa ninaloliona kila wiki ni kufyonza tumbo kwa nguvu zote na kubana pumzi. Uso unakunjamana, shingo inakakamaa. Ukishindwa kuongea huku unafanya, punguza.

Dakika kumi na tano, mara tatu kwa wiki, ni mwanzo mzuri.

Faida? Kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulionyesha kuwa Pilates inasaidia kuliko kukaa bila tiba ya maana, ila haikuthibitika kuzidi mazoezi mengine. Kwa hiyo anayekuahidi miujiza anakuuzia maneno. Kupunguza mwili si kazi yake, na haichukui nafasi ya kutembea. Dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani vilima vyetu vinakupatia bure.

Wamama wanaovuja mkojo kidogo wakikohoa au wakicheka wananufaika na mazoezi ya sakafu ya nyonga. Lakini kuvuja mfululizo, usiku na mchana, baada ya uzazi mgumu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo hurekebishwa kwa upasuaji, na Hospitali ya Panzi iko hapa hapa mjini.

Usitandike mkeka kabla ya kuonana na daktari ikiwa mgongo unauma pamoja na homa au kukonda, kwani kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Ganzi katikati ya mapaja, mguu kulegea au mkojo kukugomea ni dharura ya siku hiyohiyo. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa, na mjamzito asikae chali muda mrefu kadiri mimba inavyokua.

Yule mama nilimshauri agawe mzigo. Akanitazama. "Mfuko haugawanywi, Dokta. Mwenye mali analipa ukifika mzima." Basi tukafanyia kazi kuinuka: anachuchumaa akiupa mfuko mgongo, kamba anaiweka kwenye paji la uso, anavuta pumzi pembeni mwa mbavu, kisha anaitoa huku mapaja yakimsukuma juu. Tulianza na mfuko wenye nguo kuukuu. Wiki ya tano akaja na unga.