Kukagua mzinga: maana yake kwa anayeanza kufuga nyuki

Kiswahili kina neno kurina, yaani kuvuna asali, na neno hilo ni la kale. Kukagua mzinga ni jambo la juzi tu. Mzinga wa gogo ambao wazee walitundika mtini haukaguliki: masega yameshikamana na gogo, ukitaka kuona cha ndani sharti ukate. Mrinaji alifungua siku ya kuvuna, basi. Ukaguzi uliwezekana pale nyuki walipopewa viunzi, yaani fremu za mbao zinazobeba masega, vinavyoinuliwa kimoja kimoja na kurudishwa mahali pake. Mchungaji wa kanisa huko Marekani, Lorenzo Langstroth, alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mzinga wa namna hiyo mwaka 1852. Alikuwa ametambua kwamba nyuki wakiachiwa upenyo wa milimita 6 hadi 9 hivi hawauzibi, wanaupitia kama njia. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayeanza hukutana zaidi na mzinga wa Kenya, sanduku refu lenye vibao vyembamba vilivyopangwa juu, kila kibao kikiinuliwa na sega lake, ambalo seremala wa mtaani hulipigilia bila shida.

Kukagua, basi, ni kufungua, kuinua sega, kusoma hali ya nyuki, kurudisha na kufunga bila kutoa kitu. Ukitoka na bakuli la asali, umerina, uite hivyo.

Neno lenyewe tumelizoea shuleni: mkaguzi anaingia na daftari, mwalimu anatoka jasho. Kwenye mzinga anayetoka jasho ni mkaguzi. Mimi mara yangu ya kwanza nilidhani kazi ni kumwona malkia. Nilimtafuta karibu nusu saa, sega kwa sega, mpaka nyuki wakachoka nami. Mama jirani akafunga madirisha, kisha akaniuliza kupitia ukuta: “Papa, nyuki zako zinatafuta nini kwangu?” Parseli zetu, yaani viwanja vya nyumba, hapa mtaa wa Kadutu zimebanana, kosa lako linavuka ua kabla yako.

Malkia si lazima umwone. Tafuta mayai. Yai la nyuki ni jeupe, jembamba, lina urefu wa milimita moja na nusu hivi, nalo linakaa chini kabisa ya kichumba cha nta. Simama jua likiwa mgongoni, mwanga uingie ndani ya vichumba. Siku ya kwanza yai husimama wima, siku ya pili huinama, siku ya tatu hulala, kisha hutoka funza. Ukiona mayai yaliyosimama, malkia alipita hapo leo au jana. Funga mzinga wako ukiwa na amani. Ukiona mayai mawili matatu katika kichumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, huenda malkia hayupo tena na vibarua, yaani nyuki majike wafanyakazi, wameanza kutaga. Mayai yao hayajarutubishwa, hutoa madume tu. Malkia mchanga naye huweza kukosea siku zake za mwanzo, kwa hiyo usihukumu siku hiyohiyo; rudi baada ya wiki.

Baada ya mayai, soma majana, yaani watoto wa nyuki. Waliofunikwa wana vifuniko vya rangi ya biskuti, vikavu, vilivyoinuka kidogo. Sega zuri limejaa kama gunzi lenye punje zote. Lenye mapengo mengi, vifuniko vilivyozama au harufu ya kuoza, lina tatizo. Vifuniko vilivyovimba kama risasi ni vya madume. Kibarua huchukua wiki tatu hivi tangu yai hadi kutoka, dume siku 24. Malkia huchukua siku 16 hivi, na kichumba chake kinaning’inia kama karanga yenye ganda. Karanga kadhaa pembeni mwa sega maana yake nyuki wanajiandaa kugawanyika. Moja au mbili katikati, wanabadilisha malkia.

Asali na chavua utaviona haraka. Angalia pia nyuzi za nondo wa nta na mbawakawa wadogo weusi wanaokimbia mwanga.

Sasa, lini? Mzinga mpya uache siku saba hadi kumi kwanza. Nyuki wetu wa Afrika hawabembelezi: ukiwasumbua mno, au siafu wakiwaingilia, wanahama wote na kukuachia sanduku. Hiyo ndiyo sababu ya miguu ya meza ya mzinga kusimama katika makopo ya mafuta machafu. Usifungue mvua ikikaribia, na hapa kwetu tangu Septemba hadi Mei mvua haiko mbali. Mimi hufungua saa kumi na moja jioni, siku isiyo na upepo, watoto wa jirani wakiwa ndani. Dakika kumi zinatosha, kwani majana yanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35 na jioni ya Bukavu ni baridi.

Moshi ni wa magunzi makavu au nyasi, pumzi mbili tatu mlangoni, kisha subiri. Moshi hufunika harufu ya tahadhari ambayo nyuki aliyechoma huiacha, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Katika mji ambao kasiksi, pombe ya ndizi, inachachushwa hata uani, pua inaweza kudanganyika. Ikikujia ghafla juu ya mzinga, ongeza moshi, funika, ondoka. Mwiba uparue kwa ukucha mara moja. Anayepumua kwa shida baada ya kuchomwa apelekwe hospitali papo hapo.

Sega jipya usililaze ubavu kamwe, nta laini hukatika na majana yote kumwagika. Ligeuze likiwa limening’inia, kama unavyogeuza kioo ukutani. Viunzi au vibao virudi kwa mpangilio uleule.

Ukurasa wa daftari langu la ukaguzi, wiki iliyopita: masega sita, mayai yamesimama, chavua ya njano nyingi, karanga hakuna, nimechomwa mara mbili, Mama jirani hakufunga dirisha.