Mistari haikufutwa, iliongezwa

Ujumbe wenyewe mnaujua. "Mtumishi wa Mungu, fungua Biblia ya kwenye simu yako, Mathayo 17. Baada ya mstari wa 20 unakuja wa 22! Wanafuta Neno taratibu. Tuma kwa watu kumi." Safari hii nimetumiwa na mzee wa kanisa ninayemheshimu sana, tena alfajiri, kabla sijanywa hata chai. Nafundisha Kiyunani katika chuo cha Biblia, na hakuna swali lililonichosha kama hili. Naliandikia jibu mara moja, atakayeuliza kesho nimpe asome.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazowatisha watu. Mathayo hakuandika namba. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Alizipanga juu ya maandishi ya Kiyunani yaliyokuwa yakichapwa wakati wake, na msingi wa maandishi hayo ni kazi ya Erasmus, msomi Mholanzi, iliyotoka Basel mwaka 1516. Erasmus alikuwa na hati chache tu, yaani nakala zilizoandikwa kwa mkono, nyingi za karne ya 12 hivi. Ya Ufunuo ilikuwa moja, nayo ukurasa wake wa mwisho umepotea. Akafanyaje? Alichukua Biblia ya Kilatini, akatafsiri mistari sita ya mwisho kuirudisha kwenye Kiyunani. Simlaumu, alikuwa anakimbizana na mitambo ya kuchapa. Ila hiyo ndiyo Biblia ambayo watu wanaapa kwamba haina hata nukta ya mwanadamu.

Baadaye hati za kale zaidi zikaanza kusomwa kwa makini. Ile ya Vatikani na ile ya Sinai, ambayo msomi Mjerumani Tischendorf aliikuta katika monasteri ya Mtakatifu Katerina miaka ya 1844 na 1859, zote ni za karne ya 4. Katika ile ya Sinai, mnakili wa kwanza hakuandika kabisa Mathayo 17:21. Aliyeuingiza ni msahihishaji wa baadaye. Ya Vatikani nayo haina.

Mstari wenyewe unasema namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga. Ulitoka wapi basi? Soma Marko 9:29. Kisa ni kilekile, kijana mwenye pepo, na Yesu anasema namna hii haitoki ila kwa kuomba. Mnakili aliyekuwa akiandika Mathayo alikuwa na Marko kichwani, kama mwanakwaya anayeteleza akaingiza ubeti wa wimbo mwingine. Hakuwa mzushi. Alikuwa mcha Mungu aliyedhani mwenzake wa awali amesahau. Wanakili waliongeza kwa heshima mara nyingi kuliko walivyopunguza kwa hila, na hilo ndilo watu hawataki kulisikia.

Marko 9 yenyewe inaonyesha vizuri. Mstari wa 44, wa 46 na wa 48 ni maneno yaleyale: funza wao hafi, wala moto hauzimiki. Hati za kale zinayo mara moja tu, kwenye 48. Ukiondoa 44 na 46, jehanamu imepungua moto?

Ni kama viwanja. Mpimaji amegawa namba 20, 21, 22. Ukaguzi unakuja kugundua kwamba kiwanja cha 21 kiko ndani ya hifadhi ya barabara. Kinawekwa X. Namba 22 inabaki 22, kwa sababu hati za watu wote zimeshaandikwa hivyo. Pengo unaloliona ni ushahidi kwamba hakuna aliyeficha kitu. Mwizi angepanga namba upya, na wewe usingejua kamwe.

Mzee alinijibu, "Sawa mwalimu, lakini kufunga je? Si wametuondolea?" Kufunga kupo Mathayo 6:16–18. Kupo Mathayo 9:15. Katika Matendo 13 watu wanatumwa kwa kufunga na kuomba. Afunge tu mzee wangu, hajazuiwa na mtu.

Na jambo moja linanishangaza. Ukitaka mjadala mzito, niletee Marko 16:9–20, au habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11. Hapo ni mistari kumi na miwili kwa kumi na miwili, na hati za Sinai na Vatikani hazina hata mmoja. Hakuna anayenitumia hayo usiku. Bado yamechapwa kwenye Biblia nyingi, hivyo pengo la namba halionekani.

Madai mengine ninayoletewa nitayapitia haraka.

"Biblia yetu ni tafsiri ya tafsiri ya tafsiri." Watafsiri wa leo wanarudi kwenye Kiebrania, Kiaramu na Kiyunani. Mwaka 1947 magombo yalianza kupatikana mapangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na gombo la Isaya lilikuwa na umri wa miaka elfu moja zaidi ya hati kamili za Kiebrania tulizokuwa nazo. Tofauti nyingi ni za tahajia. Upande mwingine nao niuseme: vipande vya Yeremia kutoka hukohuko vinaonyesha kwamba kitabu hicho kilisomwa kwa urefu wa namna mbili, mrefu na mfupi.

"Konstantino alichagua vitabu pale Nikea, 325." Katika mtaguso huo wa maaskofu, walibishana kuhusu Kristo na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu 27 kama tulivyo navyo iko katika barua ya Askofu Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367.

"Uvuvio ni imla, waandishi waliandika tu walichosomewa na Mungu neno kwa neno." Luka anasema alichunguza habari kwanza. Paulo, 1 Wakorintho 1, anasema hakumbatiza mtu ila Krispo na Gayo, kisha anakumbuka nyumba ya Stefana, kisha anakiri hajui kama kuna mwingine. Imla gani hiyo inayosahau?

"Union ndiyo Biblia ya kwanza ya Kiswahili." Ilitoka mwaka 1952. Kabla yake kulikuwa na ya Kiunguja, 1891, ya Kimvita, 1914, na ya mmisionari Mjerumani Roehl, 1937, iliyojitahidi kuyakwepa maneno ya Kiarabu. Nimewahi kukemewa darasani kwa kuandika "yeyote" badala ya "ye yote" ya Union, eti nimebadilisha Neno.

Ukienda duka la vitabu, usianze na rangi ya jalada wala zipu. Fungua Marko 9, utazame chini ya ukurasa. Kama hakuna tanbihi hata moja, irudishe kwenye rafu.