Kahawa Haina Kitambi: Yanayosemwa Vijiweni Mwanza na Ukweli Wake

Kikombe cha kahawa tupu, isiyo na sukari wala maziwa, hakifikishi kalori 5. Hilo lijulikane mapema, maana ubishi mwingi wa kahawa na unene hapa Mwanza huanza pasipo na kesi. Mtu ameambiwa apunguze kilo, anaacha kahawa. Wiki inayofuata unamkuta Makoroboi na soda baridi mkononi, anajisifu kwamba siku hizi anajitunza. Kahawa imehukumiwa, sukari imeachiwa huru.

Haya hapa ni maneno ninayoyasikia mara kwa mara, kuanzia vijiwe vya Kirumba na Igoma hadi migahawa yenye viyoyozi ya Capri Point, pamoja na kinachojulikana kuyahusu.

"Kahawa inanenepesha"

Tuipigie hesabu glasi ya kahawa ya maziwa kama inavyonyweka kwa mama ntilie asubuhi. Glasi ni ya mililita 300, nusu yake maziwa ya ng'ombe ambayo hayajatolewa mafuta. Hapo zipo kalori kama 95. Njoo kwenye sukari. Kijiko cha chai kilichofutwa juu hubeba gramu 4, yaani kalori 16. Lakini nani anafuta kijiko? Kinachomwa kwenye kopo na kutoka na mlima wake, gramu 6 au zaidi. Vijiko vitatu vya namna hiyo ni kalori kama 70. Glasi imeshafika 165, na kahawa yenyewe imechangia mbili au tatu tu humo ndani.

Halafu chapati. Moja ya kawaida, iliyokaangwa na mtu asiyebania mafuta, inaweza kuvuka kalori 250, na wanaoagiza moja ni wachache. Mtu anainuka kwenye benchi na kalori zaidi ya 650 tumboni, saa 2 asubuhi, kisha lawama zote anaitupia kahawa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Glasi mbili za kahawa tuliyoipigia hesabu zina gramu 36, na bado hujanywa juisi ya mchana.

Wapo waliohamia kwenye asali wakiamini wameokoka. Asali ya Tabora ni tamu na sina ugomvi nayo, ila ni sukari vilevile. Tena kwa kuwa ni nzito, kijiko cha chakula cha asali kina kalori kama 64 wakati cha sukari kina kama 48. Sukari ya kahawia na sukari guru nazo ni ndugu wa damu wa ile nyeupe. Ukitaka kupunguza kweli, shusha nusu kijiko, kaa nacho wiki mbili tatu mpaka ulimi uzoee, kisha shusha kingine. Tangawizi, iliki na mdalasini vinaziba pengo vizuri, na kalori zake ni kidogo mno hazistahili kuhesabiwa.

"Basi ya chungu kunywa utakavyo, haina neno"

Hapa ndipo wenye busara wanapoteleza. Kahawa ya birika ni safi kwa upande wa kalori, lakini haiji peke yake. Muuzaji anafika na birika lake la bati, mkaa unawaka chini yake, vikombe vinagongana mkononi, na kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko kuna kashata. Kashata ni karanga na sukari iliyoyeyushwa, basi. Kipande cha gramu 30 kina kalori kama 150. Uchungu wa kahawa ndio unaoiita kashata, na utamu wa kashata ndio unaoita kikombe cha pili. Kwenye mjadala wa Simba na Yanga, ambao haujawahi kuisha kwa kikombe kimoja, vipande vinne vinapita bila mtu kutambua. Hizo ni kalori 600, chakula kizima cha mchana, na mlaji anaapa hajala kitu tangu asubuhi.

Mimi siwaambii watu waache kashata. Karanga zina protini na mafuta mazuri, na kahawa ya kijiweni bila kashata ni kama kukaa msibani. Kipande kimoja, kitafunwe polepole, kitoshe vikombe viwili. Au ununue karanga za kukaanga zisizo na sukari, utafune kidogo kidogo.

Na kwa kuwa tunaongelea afya, tazama ile ndoo nyingine, ya kusuuzia vikombe. Kahawa imechemka, vijidudu vimekufa. Kikombe je? Kimenyweka na watu kumi na kuchovywa kwenye maji yaleyale tangu alasiri. Kanda ya Ziwa tunakijua kipindupindu, hatuhitaji kuhadithiwa. Mwenye kuhofia kahawa ya kijiweni aanze kuihofia ndoo hiyo kabla hajafika kwenye kalori. Wauzaji wengine siku hizi wana vikombe vya karatasi. Wengine watakumwagia maji safi ya moto kwenye kikombe ukiomba kwa adabu.

"Kahawa ni ile inayounguza"

Hili ndilo ningependa wazee wetu walisikie kuliko yote. Kwa miaka mingi kahawa yenyewe ilishukiwa kuleta saratani. Mwaka 1991 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 2016 wataalamu walirudi mezani, wakapitia tafiti nyingi zaidi, wakaitoa kwenye kundi hilo. Kikao hichohicho kikataja mshukiwa mwingine, joto. Kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa cha moto sana, kupita nyuzi 65 za sentigredi, kiliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Kiwe kahawa, chai au maji matupu.

Sasa ukanda wa Afrika Mashariki ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako saratani ya umio inaonekana kwa wingi, na Hospitali ya Bugando inawapokea wagonjwa hao kutoka mikoa yote inayotuzunguka. Sigara na pombe vina sehemu yake kubwa. Lakini joto la kinywaji ni jambo ambalo mtu anaweza kulirekebisha leo bila kutoa hata shilingi. Birika lenye mkaa chini linaiweka kahawa karibu na kuchemka muda wote. Kuna watu wanaona fahari kuipiga papo hapo, macho yakitoka machozi, na anayepuliza anachekwa. Mpulizaji ndiye aliye sahihi. Kikombe cha kahawa chungu ni kidogo, dakika chache za maongezi zinatosha kukipoza.

"Kahawa inaleta presha"

Kafeini hupandisha shinikizo la damu kwa saa chache, hasa kwa mtu asiyeizoea. Kwa wanywaji wa kila siku mwili huzoea, na kwa wengi wao kahawa ya kiasi haionekani kuwa chanzo cha ugonjwa wa presha. Mwenye presha ambayo haijatulia azungumze na daktari wake. Na yeyote anayekwenda kupimwa asipitie kijiweni kwanza: walau nusu saa kabla ya kipimo usinywe kahawa, la sivyo utaandikiwa namba ambayo si yako.

Ila kuna jambo la moyo ambalo vijiweni halisemwi. Kahawa inayochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta yake ya asili, na ndani ya mafuta hayo kuna kitu kinachoitwa kafestoli, ambacho hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Kichujio cha karatasi hukizuia karibu chote, na kahawa ya kopo, ile ya kukoroga kama Africafé ya Bukoba, inacho kidogo sana. Kikombe kimoja viwili vidogo vya kahawa ya birika kwa jioni visikukoseshe raha. Mwenye kolesteroli ya juu anayekunywa nyingi kila siku, huyo ahamie ya kuchuja au ya kopo, na yale machicha yaliyotuama chini ya kikombe ayamwage.

"Imenipa vidonda vya tumbo"

Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirini, zile ambazo watu hununua dukani na kumeza kwa mwezi mzima kwa ajili ya mgongo. Kahawa huchochea asidi. Kwa mwenye kidonda au kiungulia inaweza kuuma, na akiiacha atapata nafuu, kisha atahitimisha kwamba kahawa ndiyo iliyomtoboa. Akapime huyo bakteria. Anatibika kwa dawa.

"Kahawa na limau inayeyusha kitambi"

Haiyeyushi. Kafeini huongeza kidogo kasi ya mwili kuunguza nishati, kidogo kiasi kwamba kashata moja inafuta faida yote, na mwili ukishaizoea hata hicho kidogo hupungua. Limau linaongeza uchachu na vitamini C. Mafuta ya tumboni hayajui kama umekamulia limau.

Hilo la limau ni la kucheka tu. La kuogopesha ni pakiti za "kahawa ya kupunguza tumbo" zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, zenye picha ya kiuno kabla na baada. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikikamata bidhaa za aina hiyo na kukuta ndani yake sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwenye pakiti haiandikwi. Mnywaji anaona hana njaa, moyo unakwenda mbio, anafurahi kwamba "inafanya kazi". Kahawa ya kawaida haimkatii mtu njaa siku nzima, kwa hiyo ikikufanyia hivyo, acha, na uipeleke pakiti kwa mfamasia au TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa Tanzania.

Wapo pia wanaosema kahawa inatibu kisukari. Tafiti za muda mrefu zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa hupata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi kuliko wasiokunywa. Hiyo haimaanishi mgonjwa aweke dawa kando, na haimhusu hata kidogo anayeinywa kwa vijiko vitatu vyenye mlima.

"Mimi nimeizoea, nalala vizuri tu"

Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini aliyokunywa bado huwa mwilini baada ya takribani saa tano. Ukinywa saa 3 usiku, saa 8 usiku nusu yake bado ipo. Usingizi unaweza kuja, lakini unakuwa mwepesi, na asubuhi unaamka kama hukulala. Hapa kalori zinarudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mtu aliyelala vibaya hula zaidi kesho yake, na hutamani vitamu na vya kukaanga. Wavuvi wa dagaa wanaokesha ziwani usiku wa giza wana sababu ya kunywa usiku. Wewe uliyekaa kijiweni Mabatini unasubiri nini saa 5?

Tena kahawa nyingi ya Kagera, ng'ambo ya ziwa, ni robusta, ambayo kafeini yake ni kama mara mbili ya arabika ya Tarime au Kilimanjaro. Hata ile ya kutafuna ya Wahaya, inayoletwa kama zawadi na wasafiri wa meli ya Bukoba, haina sukari lakini kafeini imo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2015, iliweka kiwango cha miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Kijiko cha chai cha kahawa ya kopo huwa na kama 60, na ya robusta huweza kuzidi. Chai, soda ya kola na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vihesabiwe humohumo.

"Mjamzito asiiguse kabisa"

Mamlaka hiyohiyo ya Ulaya inamruhusu mjamzito hadi miligramu 200 kwa siku. Vikombe viwili vya kawaida vya kahawa ya kopo kwa kawaida havivuki hapo, ila asisahau kuihesabu chai. Katika ujauzito kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, ndiyo maana kiwango kimeshushwa.

Kinachomhusu zaidi mama huyu ni saa ya kunywa. Kahawa na chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayavuna kutoka kwenye maharage, mchicha na matembele, na upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo tunalolijua. Anywe saa moja au zaidi baada ya kula, na vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze kwa maji, siyo kwa kahawa wala chai ya maziwa.