Simu ya Nansio haikuhitaji bando kubwa

Nilimfungia mteja redio ya kuvuka ziwa, kutoka mlimani hapa Mwanza hadi Nansio, Ukerewe, ipitishe simu za mtandao na mfumo wake wa mauzo. Asubuhi mambo yalikuwa shwari. Mchana sauti ikaanza kukatika: "halo", kimya, halafu maneno matatu yanakuja kwa mkupuo. Mteja akaniambia, "Fundi, tuongeze bando." Bando lilikuwa linatosha.

Uso wa maji hurudisha mawimbi ya redio kama kioo. Wimbi lililogonga ziwa likikutana na lile lililokuja moja kwa moja, yanaweza kudhoofishana, na pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinapotea. Hilo unalipunguza, hulimalizi. Kosa langu lilikuwa kwingine: nilipitisha kila kitu, simu zikiwemo, ndani ya VPN, njia ya faragha ndani ya mtandao, iliyotumia TCP, mojawapo ya itifaki, yaani kanuni za kusafirisha data.

TCP huhesabu kila baiti. Pakiti ikipotea hutumwa tena, na zile zilizoifuata, hata kama zimeshafika, hazikabidhiwi kwa programu mpaka pengo lizibwe. Kwa mauzo ndivyo nitakavyo. Oda ya magunia isifike nusu. Lakini pakiti moja ya sauti kwa kawaida hubeba milisekunde 20 tu za maongezi. Ikipotea, programu hukisia na kuziba, sikio halishtuki. Ikisubiriwa, maongezi yote yanasimama.

Itifaki nyingine ni UDP, ambayo David Reed aliiandika mwaka 1980; kichwa chake, yaani maelezo yanayotangulia data, ni baiti 8. Cha TCP huanzia 20. UDP haina kupeana salamu kabla ya kuanza, wala kutuma tena. Wengi huiita itifaki isiyoaminika, na jina hilo silipendi, maana linawatisha mafundi wachanga. UDP inaiachia programu uamuzi, basi. QUIC, itifaki iliyofanywa kiwango rasmi mwaka 2021, imejengwa juu ya UDP hiyohiyo na bado inafikisha data zote. Ila mkondo mmoja ukipoteza pakiti, mingine haiusubiri.

Nikaibadilisha VPN itumie UDP. Mfumo wa mauzo ukabaki na TCP yake humo ndani, ikilinda oda zake yenyewe. Mchana uliofuata nilikaa na ruta nikihesabu: pakiti zilikuwa bado zinapotea. Dada wa kaunta kule Nansio aliongea na bosi wake dakika kumi, hakusema "rudia" hata mara moja.