Acheni kuniletea kinanda

Nimeletewa mswada mwingine wa mchezo wa redio. Ukurasa wa mwisho baba anarudi kutoka anga za mbali, na mwandishi kaweka kwenye mabano: "Muziki wa huzuni unapanda. Wote wanalia." Ni wa nne mwaka huu. Jamani, mimi ni fundi miksi, kazi yangu kuchanganya sauti, si mpiga matanga.

Eti msikilizaji haoni, kwa hiyo bila kinanda hatajua alie wapi. Anajua sana! Vipindi kumi na viwili kamsikia baba redioni tu: sauti nimeikata besi, nimeipaka mkwaruzo. Alipokuwa bado jirani na Mirihi palikuwa na kungoja jibu (wimbi la redio kutoka huko huchukua dakika 3 hadi 22 hivi, tunafupisha, nani atakaa kimya dakika 22?). Baadaye ni ujumbe wa sauti tu. Siku ya kukutana navua yote hayo. Besi inarudi, pumzi inasikika, jibu linatua papo hapo. Halafu wewe uje unifunikie na kinanda?

Meli ya angani kuvuma mahali pasipo hewa ya kubeba sauti, hilo tutagombana siku nyingine.

Kinachoniudhi zaidi ni salamu. Hesabu ya Einstein mnaijua: meli ikienda kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga, miaka 5 ndani ya meli ni kama 35 huku kwetu. Baba aliondoka Iringa ana miaka 29, akamwacha mwanawe wa miaka 6. Anarudi ana 34, na mtoto ana 41. Mswadani wanakumbatiana na kulia, basi. Nani kamwamkia nani?

Tulijaribu kwangu Kihesa, mablanketi ukutani, alfajiri kabla bodaboda hazijaanza. Baba yuko nje, mbali na maikrofoni: "Hodi." Mtoto anasikia sauti ya kijana, anajibu huku akiendelea kuosha vyombo: "Karibu, mdogo wangu, sukuma tu." Komeo. Hatua mbili. Maji yanaendelea kutiririka bombani, kisha bomba linafungwa. Sekunde nne hakuna kitu, isipokuwa tone moja kwenye sufuria. Ndipo, kwa sauti nzito ya mtu mzima: "Shikamoo, baba."

Mwigizaji wa baba alikwama kwenye "marahaba". Mara ya kwanza aliitoa haraka, kama mtu aliyeamkiwa sokoni. Mara ya pili hakuitoa kabisa, alivuta pumzi tu. Nimezihifadhi zote mbili, na hadi leo sijaamua. Mzazi asiyeitikia shikamoo ya mwanawe, hilo nalo ni zito.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi: wengi wananisikiliza kwa spika ya simu ndani ya daladala ya Ipogolo. Pumzi niliyoihangaikia usiku kucha inamezwa na injini, tone la maji ndiyo kabisa. Kinanda kingesikika. Hapo mwandishi ananishinda, na sitamwambia.

Mswada nimeurudisha. Mabano nimeyafuta, nimeandika "komeo". La dukani halifai, linateleza mno. Nimerekodi la stoo ya mahindi ya shangazi kule Kilolo. Linakwaruza, linakwama, halafu linaachia.