Mbwa mzee na gari: mbona ubao wa kupandia "umekataliwa"?

Tangu kliniki yetu ianze kuwahimiza wenye mbwa wazee watumie ubao wa kupandia garini, lalamiko linalotufikia zaidi ni moja: "Nimeununua, mbwa hautaki." Tunajua wanaolalamika wana nia njema. Lakini tukiuliza, mara nyingi tunaambiwa ubao uliegemezwa kwenye buti siku uliponunuliwa, kisha mbwa akavutwa kwa kamba ya shingoni. Mbwa yeyote angekataa.

Tuanze na urefu. Gari likiwa mahali tambarare, pima kutoka chini hadi ukingo wa buti, halafu zidisha kwa 3. Buti yenye kimo cha sentimita 70 inahitaji ubao wa sentimita 210 hivi, na mwinamo wake utakuwa takriban nyuzi 20. Ubao wa sentimita 120, unaopendwa kwa sababu ni mwepesi na hauchukui nafasi, kwenye buti hiyohiyo unafika karibu nyuzi 36. Kwa mbwa ambaye nyonga zake zimelika, huo ni ukuta. Kama huna ubao mrefu, tafuta penye mwinuko mdogo na uegeshe gari huku sehemu yake ya nyuma ikielekea upande wa juu, ili kimo kipungue. Vuta breki ya mkono kabla hujafungua buti.

Sehemu ya kukanyagia iwe na raba isiyoteleza. Ubao wa chuma uliokaa juani uguse kwanza kwa kiganja. Ukikuchoma, utamchoma na yeye. Kagua pia makucha na manyoya yaliyo kati ya vidole vyake, maana yakiwa marefu atateleza hata kwenye raba nzuri.

Mafunzo hayaanzii kwenye gari. Laza ubao chini kabisa, mbwa autembelee huku akipata vitu anavyovipenda, hadi aupite bila kusita. Kisha inua ncha moja juu ya kidato kifupi, na gari lifuate baadaye. Mfungie kamba kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, nawe simama ubavuni pake ili umzuie asichepuke. Akisimama katikati, usimsukume makalio. Ngoja. Akigeuka kutaka kushuka, mwache ashuke, kisha urudi kwenye hatua aliyokuwa ameimudu. Ubao ukimtikisikia miguuni hata mara moja, huenda ikabidi uanze upya, kwa hiyo hakikisha ncha ya juu imeshika kwenye ukingo kabla hajaweka mguu.

Sasa lile la "mbona anaruka mwenyewe, haumwi huyu." Hili linatuchosha kidogo. Mbwa aliyezoea safari ataruka kwa furaha hata viungo vikimuuma. Utayaona maumivu baadaye, akiinuka kwa shida au akilamba kiwiko kilekile kila mara. Isitoshe, wengi huweka ubao wakati wa kupanda, kisha wakifika humwacha aruke chini. Mbwa akisimama tu, miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Akiruka kutoka kwenye buti, hiyo ndiyo inayotangulia kupokea kishindo, pamoja na viwiko na mabega. Tukilazimika kuchagua, tungeomba ubao utumike wakati wa kushuka.

Baada ya matumizi, fungeni ubao kwa mikanda. Ukiwa huru ndani ya gari, utarushwa mbele ukifunga breki ghafla, na katika nchi nyingi mzigo usiofungwa ni kosa la barabarani. Vilevile, sheria nyingi za ustawi wa wanyama haziadhibu kupiga peke yake: kumwacha mnyama ateseke bila kumtafutia tiba nako kunaweza kukufikisha mahakamani. Hatusemi haya kumtisha mtu.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari. Mbwa aliyeanza kusita ghafla, anayeburuta miguu ya nyuma au anayelia akiguswa mgongo aletwe kwanza, ubao usubiri. Asipewe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni inaweza kumdhuru figo na kumtoboa tumbo. Na mkija, leteni video fupi ya mbwa akitembea na kuinuka nyumbani, kwa sababu wengi wakifika kwetu hujikaza na kutembea kama hawana neno.